Uandishi wa vitabu vya watoto: Hazina ya Likoni, Kisauni na Changamwe na njia ya kuifikisha kitabuni

HUENDA hakuna kitabu cha watoto kilichoitangaza Kisauni mbali kuliko Owen & Mzee. Wazo la kukiandika, hata hivyo, lilitoka kwa msichana wa umri wa miaka sita nchini Marekani.

Kitabu hicho kinasimulia kisa cha kweli cha urafiki wa kiboko mchanga na kobe mkongwe katika bustani ya Haller, Bamburi. Kiboko huyo aliokolewa baharini karibu na Malindi mnamo Desemba 2004, siku moja baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, akapelekwa Bamburi na kupewa jina la mmoja wa watu waliomwokoa. Kobe Mzee, wa aina ya Aldabra, alikadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi.

Isabella Hatkoff alipoona picha ya wanyama hao alitaka kisa chao kiandikwe. Babake, Craig Hatkoff, alilichukua wazo hilo kwa uzito. Wawili hao walishirikiana na Dkt Paula Kahumbu, Mkenya aliyekuwa msimamizi wa bustani hiyo, na mpigapicha Peter Greste. Mnamo 2006 shirika la Scholastic la Marekani likakitoa kitabu kwa chapa ya karatasi.

Watoto wa Bamburi, Mtopanga na Shanzu walikuwa karibu na kisa hicho kuliko mtoto mwingine yeyote duniani. Alichowazidi nacho Isabella ni mtu mzima aliyesikiliza wazo la mtoto na aliyejua njia ya kumfikia mchapishaji.

Mambo hayo mawili ndiyo yanayohitajika katika mitaa ya Mombasa iliyo nje ya kisiwa. Visa vimejaa Likoni, Kisauni na Changamwe, na lugha ipo. Lisipoandikwa na wenyewe, simulizi la mahali huandikwa na wengine, au hufa na wazee waliolijua.

Mfano wa Freretown

Eneo hilo liliwahi kumtoa mwandishi wake mapema kuliko sehemu nyingi za Kenya. Mnamo 1934, Sheldon Press ya London ilichapisha Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Juma Mbotela wa Freretown.

Freretown ilianzishwa mwaka 1875 na chama cha wamishonari cha Church Missionary Society (CMS) ili iwe makao ya watumwa waliokombolewa. Ilipewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1873, mwaka ambao Sultan Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini. Kengele iliyowekwa kuwatahadharisha wakazi wakati wa hatari ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni, ambalo makondakta wa matatu wangali wakilitaja kila siku.

Mbotela, aliyekuwa wa jamii hiyo, aliyachukua masimulizi ya wazee waliokamatwa, wakasafirishwa hadi pwani, wakapakiwa majahazini na hatimaye kukombolewa na meli za Waingereza. Akayapanga kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili chepesi ambacho mwanafunzi angekifuata. Kitabu kilisomwa shuleni, na mwaka 1956 tafsiri yake ya Kiingereza ikachapishwa mjini London.

Wahakiki wa baadaye wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Lawama hiyo ina mashiko, nayo inamfaa mwandishi yeyote wa watoto kuikumbuka. Anayewaandikia watoto huwaachia kisa pamoja na mtazamo wake, na msomaji mchanga si mwepesi wa kuutilia shaka.

Mbinu ya Mbotela ingali na manufaa: kuwauliza wazee, kuyapanga majibu kwa taratibu ya wakati, kisha kuyaeleza kwa maneno ambayo mtoto anayajua. Mwanafunzi wa Changamwe anaweza kumhoji babu aliyefanya kazi katika kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza shughuli mwaka 1963 na kuacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Mwenzake wa Likoni anaweza kumuuliza nyanya jinsi watu walivyovuka kivuko alipokuwa msichana. Wa Kisauni ana daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980, na lile la kuelea lililokuwapo kabla yake.

Hata majina ya mahali yana visa. Changamwe ni jina la mojawapo ya Mataifa Matatu, yaani Thelatha Taifa, ya wenyeji wa Mombasa; mengine mawili ni Wakilindini na Watangana. Mtoto anayeuliza kwa nini mtaa wake unaitwa hivyo tayari ameanza utafiti wa kitabu.

Kumwandikia mtoto mmoja

Kuwatungia vijana si jambo geni katika pwani hii. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa mawaidha. Utendi huo umesomwa na maelfu, lakini ulipotungwa ulikuwa na msikilizaji mmoja aliyejulikana kwa jina.

Uingereza nako, mwaka 1893 Beatrix Potter alimwandikia barua mtoto aliyekuwa mgonjwa, akamchorea visa vya sungura. Alipotaka kuigeuza barua hiyo iwe kitabu, wachapishaji waliikataa. Desemba 1901 alijilipia chapa ya nakala 250, na mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne ikakichapisha kitabu kilichokuja kujulikana ulimwengu mzima.

Wanawake hao hawakuwa na uhusiano wowote, lakini walianza namna moja. Mwandishi chipukizi anayejaribu kuwaandikia watoto wote wa Kenya kwa mpigo huishia kuhutubia. Anayemwandikia mdogo wake wa darasa la tatu hujua ni wapi mtoto huyo atacheka, ni neno gani litamshinda na ni wakati gani atachoka.

Tofauti ya insha na hadithi

Kwa kizazi kizima, mtoto wa Kenya alijifunza kuandika kwa ajili ya mtihani. Chini ya mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, mtahiniwa alipewa dakika 40 kuandika insha ya Kiswahili iliyosahihishwa kwa alama 40.

Mtihani huo uliwalazimisha wanafunzi wengi kuandika, na hilo ni jema. Hata hivyo, ulizaa pia desturi ya kukariri. Watoto walifundishwa orodha za methali, tashbihi na misemo ya kufungulia insha, wakaipachika kila mahali. Jua likachomoza kwa maneno yale yale katika insha ya arusi, ya ajali na ya siku ya michezo.

Hadithi ya watoto haivumilii mapambo ya aina hiyo. Mtoto anataka kujua nani alifanya nini, kisha ikawaje. Kivuko cha Likoni kikielezwa kwa methali tatu hakionekani. Kikielezwa kwa mlango wa feri unaogonga gati, kunguru wanaonyemelea mahamri, na umati unaosogea kabla magari hayajateremka, msomaji hufika pale.

Mwalimu anayetaka kulea waandishi anaweza kutoa zoezi jepesi: aya moja inayoeleza mahali bila methali wala tashbihi hata moja, ikitaja mambo matano ambayo mwanafunzi aliyaona, aliyasikia au aliyanusa mwenyewe. Methali zitarudi baadaye, pale zinapostahili.

Umri wa msomaji

Vitabu vya watoto si vya aina moja, na miswada mingi hukataliwa kwa sababu haijulikani imekusudiwa nani.

Kwa walio chini ya miaka sita, picha ndizo zinazobeba kisa. Maneno huwa machache, yenye mapigo na marudio, kwa kuwa mtu mzima ndiye atakayeyasoma kwa sauti. Kitabu cha namna hii mara nyingi huwa na kurasa 16, 24 au 32, kwa sababu karatasi kubwa za mitambo ya kuchapia hukunjwa kwa mafungu.

Mtoto wa miaka sita hadi tisa ndiye anayeanza kusoma peke yake. Humfaa sentensi fupi, wahusika wachache na tatizo moja ambalo mtoto mwenyewe hulitatua. Kosa la kawaida ni kumleta mjomba au mwalimu mkuu mwishoni amalize kila kitu.

Kuanzia miaka tisa hadi kumi na miwili, hadithi hugawika katika sura. Baada ya hapo ni riwaya za vijana, kama Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 2001.

Walibora, aliyefariki mwaka 2020, ana somo jingine kwa Mombasa. Alilelewa Bonde la Ufa, mbali na bahari, lakini shujaa wa riwaya yake Siku Njema ya mwaka 1996, iliyosomwa sana katika shule za sekondari, anaitwa Kongowea, jina la mtaa na soko kubwa la upande wa Kisauni. Kijana wa pwani anayejivunia kwamba Kiswahili ni chake hana budi kujiuliza ni kurasa ngapi amezisoma na ngapi ameziandika. Umahiri wa lugha ya mazungumzo haujawahi kumwandikia mtu kitabu.

Kiswahili kipi?

Swali hili huwatatiza wengi Mombasa. Mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji, ikabaki nje ya vitabu vya shule.

Wachapishaji wa vitabu vya shule hutarajia Kiswahili Sanifu. Hilo halimzuii mwandishi kumwacha nyanya wa hadithini aseme “mato” badala ya macho na “nti” badala ya nchi, mradi msimulizi abaki katika Kiswahili Sanifu na maana ieleweke. Vivyo hivyo, mhusika wa Mtongwe anaweza kutamka neno la Kidigo, na wa Mwakirunge la Kigiriama. Mtoto anayeikuta sauti ya nyumbani kwao kitabuni huamini kwamba vitabu vinaweza kuandikwa na watu kama yeye.

Sheng nayo ina nafasi yake vinywani mwa vijana wa mjini. Lakini misemo yake hubadilika upesi, na kitabu kinachoitegemea huchakaa kabla ya karatasi zake.

Mambo mazito

Je, watoto waandikiwe misiba? Mombasa haiwezi kulikwepa swali hilo. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilizama na zaidi ya watu 270 wakafa. Kuna jamaa za Likoni ambazo tarehe hiyo haijawatoka.

Watoto husikia habari kama hizo hata wasipoambiwa. Kitabu kizuri huwapa njia ya kuzielewa. Kanuni ni kukiangalia kisa kwa macho ya mtoto, kusema kweli bila kueleza maiti na majeraha kwa kina, na kutomwacha msomaji gizani. Pawe na mtu anayemshika mhusika mkono. Mwandishi pia anapaswa kubadilisha majina na kupata idhini ya jamaa anapotumia kisa cha watu walio hai.

Kulea waandishi wachanga

Asiyesoma haandiki, na kusoma kunahitaji vitabu. Maktaba kuu ya umma ya Mombasa iko kisiwani. Kwa mtoto wa Shika Adabu, kuifikia ni safari ya matatu na feri, tena na mtu mzima wa kumsindikiza. Ndiyo maana kabati moja la vitabu darasani, msikitini, kanisani au nyumbani kwa mtu lina thamani kubwa upande huo wa maji kuliko linavyoonekana.

Chama cha uandishi hakihitaji fedha nyingi. Watoto kumi, daftari kumi na saa moja kila Jumamosi vyatosha. Katika nusu saa ya kwanza mtu husoma kwa sauti sura ya kitabu kizuri. Katika nusu ya pili kila mtoto huandika, na watakao husoma walichoandika.

Mlezi wa chama hicho ana jambo moja la kujizuia: kalamu nyekundu. Mtoto anaposoma hadithi yake kwa mara ya kwanza, swali linalomfaa ni lile lile la wasikilizaji wa kale: kisha ikawaje? Sarufi na tahajia husahihishwa katika nakala ya pili, mtoto akiisha kuamini kwamba ana kisa cha kusimulia. Kuandika upya ndiko kunakomtenga mwandishi na mwenye kipawa tu, na zoea hilo hufundishika hata kwa mtoto wa miaka minane.

Hazina nyingine hupotea kila mwaka machoni pa walimu. Tamasha za kitaifa za muziki na za drama huvutia mashairi, masimulizi na michezo iliyotungwa upya na walimu pamoja na wanafunzi. Shule ikishashindwa au kushinda, maandishi hayo hutupwa. Shule ikiyahifadhi, kuyahariri na kuyatolea nakala chache kila mwaka, itakuwa na mkusanyiko wake ndani ya muda mfupi.

Kutoka mswada hadi kitabu

Wachapishaji wengi wakubwa wana makao yao Nairobi, miongoni mwao Longhorn, East African Educational Publishers, Kenya Literature Bureau, Jomo Kenyatta Foundation, Oxford University Press na Storymoja. Kabla ya kutuma mswada, mwandishi anafaa kuchunguza vitabu vya watoto ambavyo kampuni hiyo imetoa, kisha kufuata masharti yake ya kupokea kazi.

Mswada hupigwa chapa kwa nafasi pana kati ya mistari na kuambatishwa barua fupi inayotaja umri wa wasomaji, idadi ya maneno na kiini cha hadithi. Si lazima mwandishi awe na picha. Kwa kawaida mchapishaji humtafuta mchoraji. Jibu huweza kuchukua miezi. Kukataliwa si hukumu ya kipawa, kama kisa cha Potter kinavyoonyesha.

Kitabu kinachokusudiwa kutumiwa madarasani huhitaji idhini ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD). Idhini hiyo ndiyo inayoamua mauzo ya vitabu vingi nchini, na ndiyo sababu wachapishaji huchagua sana. Hadithi za kujisomea haziibebi lazima hiyo, lakini soko lake ni dogo na humtegemea mzazi.

Mkataba usomwe wote kabla ya kutiwa sahihi. Mwandishi hulipwa mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya mauzo, ambayo mara nyingi ni karibu asilimia 10. Achunguze kama anauza haki zote mara moja au anampa mchapishaji ruhusa ya muda, na nani atakayemiliki tafsiri, matumizi ya redioni na nakala za kidijitali. Mwandishi aliye chini ya miaka 18 asiachwe kutia sahihi peke yake. Mzazi au mlezi ahusishwe.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi ya fasihi hulindwa tangu inapoandikwa, na ulinzi huo hudumu miaka 50 baada ya mwaka anaofariki mwandishi. Kusajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) huongeza ushahidi iwapo mzozo utatokea. Ngano za kale kama za Sungura na Fisi ni mali ya wote, lakini namna mwandishi fulani alivyozisimulia ni yake.

Anayejichapishia hupata nambari ya ISBN kutoka kwa Huduma ya Maktaba za Kitaifa. Njia hii humwachia uhuru, lakini humbebesha gharama ya mhariri, mchoraji, kiwanda cha chapa na usambazaji. Ni busara kuanza na nakala chache na kuziuza shuleni kabla ya kukopa fedha za kuchapisha maelfu.

Ipo pia njia ya intaneti. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kuzinduliwa mwaka 2014, huruhusu watu kusoma, kutafsiri na kuandika hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, bila malipo. Mwandishi hapati mrabaha huko, ila hupata wasomaji na mazoezi.

Tuzo

Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyoanza miaka ya 1970, husimamiwa na Chama cha Wachapishaji wa Kenya na ina vitengo vya vitabu vya watoto na vya vijana kwa Kiswahili na Kiingereza. Kwa miswada, Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014, baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Hiyo ni ya waandishi waliokomaa zaidi.

Tuzo huja mwishoni. Kwa mtoto wa Magongo au Timbwani anayeshika kalamu leo, mwanzo ni mtu mzima wa kumsikiliza, kitabu cha kuazima na daftari ambalo halitasahihishwa siku ya kwanza. Vitu hivyo vitatu vinapatikana hata bila kuvuka maji.